Mpira Ukigonga Waya

Saa kumi jioni, mwezi wa Januari, vitongoji vya kaskazini mwa Chicago tayari vinaanza kuingia giza. Hapo ndipo kazi yangu ilikuwa inaanza. Nilikuwa nachuchumaa kando ya jukwaa, nawasha hita za gesi zilizo chini yake, halafu nanyamaza nisikilize. Zikishika, unasikia mngurumo wa chini kwa chini, kama stovu iliyopigwa pampu vizuri. Baada ya muda theluji iliyolala juu ya jukwaa inalainika, maji yanadondoka, mvuke unapanda hadi kwenye taa. Basi nachukua koleo na kuingia kazini.

Najua unauliza: jukwaa la nini, na theluji inayeyushwa ya nini? Hata mimi niliuliza.

Ni mchezo. Tuuite tenisi ya jukwaa. Usiuchanganye na padel, ile ambayo wasee wa Nairobi siku hizi wanaposti wakiwa katikati ya kuta za vioo. Huu ni mwingine, ni mkongwe zaidi, na ni mchezo wa baridi. Ulianzishwa mwaka 1928 huko Scarsdale, jimbo la New York, na wanaume wawili, James Cogswell na Fessenden Blanchard, waliotaka kitu cha kucheza nje majira ya baridi badala ya kukaa ndani wakingoja jua lirudi. Walijenga jukwaa la mbao, wakalizungushia waya wa kuku ili mpira usiwapotee. Baadaye waya wenyewe ukaingia kwenye mchezo.

Jukwaa la siku hizi ni la alumini, limeinuliwa kutoka ardhini, urefu futi 60, upana futi 30. Mistari ya kuchezea ni futi 44 kwa 20, sawasawa na uwanja wa badmintoni. Pande zote nne kuna waya wa futi 12 kwenda juu. Sakafu imepakwa rangi yenye chembechembe kama msasa ili watu wasiteleze, na ukianguka goti lako litajua. Wanacheza wawili kwa wawili. Kibao ni kifupi, kigumu, kimetobolewa matundu. Mpira ni wa raba, na baridi ikizidi unakuwa mgumu na hautaki kudunda. Una nafasi moja tu ya kuanzisha. Ukikosa, pointi imeenda. Hesabu ni ile ile ya tenisi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakiko kwenye tenisi. Mpira ukidunda ndani ya mstari halafu ukagonga waya, haujafa. Almradi haujadunda mara ya pili, unaweza kuungoja urudi na kuupiga. Kitu hicho kimoja ndicho kilichoniingiza kwenye maneno.

*

Nilifika Marekani kwa grini kadi, ile bahati nasibu ambayo kila saiba Kenya ina bango lake mlangoni. Nilipata chumba Rogers Park. Mchana nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mshahara ulikuwa unaisha kabla ya mwezi kuisha, na dada yangu mdogo alikuwa amejiunga na chuo Eldoret. Mwenzangu wa kazini akaniambia kuna klabu moja huko juu inatafuta mtu wa jioni tatu kwa wiki, msimu wa baridi tu. Kazi: theluji, hita, taa, na chungu cha supu.

Kwa hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi nilikuwa napanda treni ya Metra kuelekea kaskazini. Evanston, Wilmette, Kenilworth, Winnetka. Kila stesheni nyumba zinazidi kuwa kubwa na watu wa rangi yangu wanazidi kupungua behewani, hadi nabaki mimi na mama mmoja wa kazi za nyumbani ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa kutikisa kichwa. Baadaye nilisoma kwamba mwezi Julai mwaka 1965, Martin Luther King alisimama kwenye uwanja wa wazi hapo Winnetka akawahutubia maelfu ya watu kuhusu haki ya mtu mweusi kununua nyumba katika vitongoji hivi. Nilisoma hayo nikiwa ndani ya treni hiyo hiyo. Nikainua macho nikaangalia dirishani. Sikuona cha kuonyesha, ilikuwa giza.

Klabu yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa na viwanja vinne vya jukwaa, na katikati yake kibanda cha kuotea moto. Nasema kibanda kwa sababu wenyewe wanakiita hivyo, lakini kilikuwa kikubwa kuliko nyumba tuliyolelewa Bondeni, Nakuru. Kina dirisha pana kila upande, moto wa kuni, viti vya ngozi, bia kwenye friji, na chungu cha mchuzi mzito wa maharagwe na nyama ya kusaga. Wanachama wanacheza seti, wanaingia wakitoa mvuke kama ng'ombe waliotoka kulima, wanakula, wanacheka, wanatazama wenzao dirishani, wanarudi nje.

Siku ya kwanza meneja alinizungusha kote. Hapa swichi za taa, hapa chumvi ya kumwaga kwenye ngazi, hapa koleo. Jukwaa lina mbao fulani chini ya waya zinazofunguka kwenda nje. Unazifungua, unasukuma theluji, inaanguka nje. Halafu akasema, "Na wafanyakazi hawachezi na wanachama." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi.

Nikasema sawa. Nani alikuwa na haja ya kucheza? Nilikuwa nimevaa suruali tatu, glavu mbili, marvin mbili kichwani, na bado upepo wa Ziwa Michigan ulikuwa unanipata kwenye mbavu.

*

Lakini macho hayana pazia. Ukisimama kando ya waya usiku baada ya usiku, utajifunza hata kama hutaki. Nilianza kuona kwamba wageni wa mchezo huu wanapiga kwa nguvu, na wenye mchezo hawapigi kwa nguvu. Mpira ukiwapita hawahangaiki. Wanageuka, wanaupa mgongo upinzani, wanakunja magoti, wanangoja. Mpira unagonga waya wa nyuma, waya unatetemeka, mpira unashuka pole pole kama umechoka, na mzee wa miaka 70 anauinua juu hewani hadi upande wa pili. Kijana upande ule anaupiga tena kwa hasira. Mzee anageuka tena. Baada ya mara 20 kijana anaupiga nje mwenyewe.

Nilikuwa namweleza baba yangu haya yote. Saa tatu usiku Chicago ni saa kumi na mbili asubuhi Nakuru, na Mzee huamka na jogoo. Nikimaliza kazi nilikuwa nampigia WhatsApp nikiwa stesheni nikingoja treni, narukaruka ili miguu isife ganzi.

Labda niseme kwamba mimi ndiye niliyepewa jina la babu, baba yake yeye. Kwa hivyo tangu nikiwa mtoto ananiita Baba, nami namwita Baba. Mtu akitusikia kwenye simu anaweza kudhani ni mwangwi.

Mzee wangu alikuwa mwokota mipira. Alianza mwaka 1973 akiwa na miaka 13, katika klabu moja ya wanachama hapo Nakuru. Uhuru ulikuwa na miaka 10. Waafrika walikuwa wameanza kuingia kama wanachama, lakini waokota mipira walibaki wale wale: watoto wa Bondeni, miguu chini, wanapanga foleni nyuma ya uwanja wakingoja kuitwa. Kenya ilirithi vilabu hivi pamoja na kila kitu ndani yake. Ile ya Muthaiga ilifunguliwa mwaka 1913, na zikafuata nyingine katika miji ya walowezi, na kila moja ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Baba aliujua wa jikoni. Mchana mzima wa kukimbia ulikuwa sumuni, na ukiwa na bahati, chupa ya soda iliyobaki nusu.

Hayo tu ndiyo niliyokuwa nayajua. Alikuwa anayasimulia kama kichekesho, hasa wageni wakiwepo.

Usiku mmoja nilimtumia picha ya uwanja: taa, theluji, waya. Akapiga mwenyewe.

"Baba, hii ni jela ama ni uwanja?"

"Ni uwanja, Baba."

"Na mpira ukigonga huo waya?"

"Unaendelea."

"Unaendelea aje?"

"Unarudi ndani. Unaungoja, unaupiga."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo, nikasikia redio ya jikoni.

"Huku," akasema, "ukigonga waya ulikuwa wangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

*

Ilikuwa Jumatano ya Februari, digrii 12 chini ya sufuri. Watu wanne walikuwa wamepanga kucheza uwanja namba 3, mmoja hakutokea. Watatu wakasimama kwenye jukwaa wakipiga mpira ovyo. Mmoja wao alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, daktari wa meno aliyestaafu, ambaye usiku mwingi alikuwa anakuja kibandani mapema tukaongea kidogo. Aliwahi kuniuliza Kenya iko upande gani wa Afrika na akasikiliza jibu hadi mwisho. Wachache husikiliza hadi mwisho.

Nilikuwa namwaga chumvi kwenye ngazi. Akafungua mlango wa waya akaniita.

"Wewe unaujua huu mchezo. Nakuona unavyotazama. Ingia, tuko watatu."

Nikamwambia siruhusiwi.

"Mimi ndiye ninayekualika," akasema.

Sasa sikiliza, sitaki kujifanya malaika. Nilikuwa naijua sheria. Ningeweza kusema hapana mara ya pili na ingeishia hapo. Lakini miezi minne nilikuwa nimeosha jukwaa lile, nalijua kila bolti, na hakuna hata mara moja nilikuwa nimesimama juu yake bila koleo mkononi. Nikaweka ndoo ya chumvi chini. Nikaingia. Mlango wa waya ukafungwa nyuma yangu kwa ile sauti yake ndogo ya chuma, na nikajikuta natafuta pa kuweka mikono.

Mechi ilianza vibaya. Kila mpira ulionijia niliukimbilia kama mtu anayefukuza matatu ya mwisho. Nilikuwa napiga angani, napiga kwenye neti, mmoja nusura nimpige mzee wa watu shingoni. Watu waliona huruma, wakawa wananipigia pole pole, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Mzee akanikaribia, akasema neno moja tu. "Uache."

Mpira uliofuata ulikuja mrefu, ukadunda karibu na mstari wa mwisho, ukanipita. Mwili wangu wote ulitaka kuurukia. Nikauacha. Nikageuka nikautazama ukienda, na kuna sekunde pale ambapo umewapa wapinzani mgongo, unaangalia giza nje ya waya, na unaamini umeshapoteza. Halafu waya ukalia. Mpira ukarudi, polepole, ukashuka hadi usawa wa goti langu kama mtu ameniwekea. Nikauinua. Ukapanda juu ya taa, ukapotea, ukarudi, ukadunda upande wa pili karibu kabisa na kona. Upande ule wakagongana.

Mzee akapiga kelele kama mtoto. Mimi sikusema kitu. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya sweta, pua ilikuwa haina hisia, na nilikuwa nataka mpira mwingine. Nilivua marvin moja. Nikavua glavu. Tulishindwa ile seti, sita kwa nne, na sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Nilipotoka kuokota ndoo yangu, niliona watu wawili wamesimama kwenye dirisha la kibanda. Mmoja alikuwa na bakuli mkononi. Hakuwa anakula.

*

Ijumaa meneja akanipigia simu niende ofisini. Hakunifokea, nasisitiza hilo kwa sababu ingekuwa rahisi kuandika hadithi ya mtu mbaya. Alinipa kahawa. Akasema nafanya kazi vizuri, viwanja havijawahi kuwa safi hivi, lakini mwanachama amelalamika na sheria ni sheria. Akasukuma karatasi mbele yangu. Barua ya onyo, nusu ukurasa. Nisaini tu, iwekwe kwenye faili, tusahau.

Nikaisoma. Sehemu ya katikati ilisema kwamba nilikuwa nimeingia uwanja namba 3 na kushiriki mchezo bila ruhusa wala mwaliko wa mwanachama yeyote.

"Nilialikwa," nikasema.

Meneja akakuna kichwa. Akasema ameuliza. Akasema aliyedaiwa kunialika hakumbuki vizuri ilivyokuwa.

Hakumbuki. Nilikuwa nimemwona mwenyewe usiku uliotangulia, Alhamisi. Aliingia kibandani, nikampa bakuli lake, nikamsalimu kama kawaida. Aliitikia huku anaangalia maharagwe. Nilidhani ni uchovu.

Nilimwomba meneja anipe hadi Jumanne. Akakubali.

Wikendi ile nilipiga hesabu kila aina. Jioni tatu kwa wiki ndizo zilikuwa karo ya dada yangu. Si nyongeza, si pesa ya raha: ndiyo karo yenyewe. Na kwani saini ni nini? Nusu ukurasa ndani ya kabati la chuma kwenye nchi ambayo hakuna anayenijua. Upande mwingine nilikuwa najisemea, lakini niliitwa. Niliitwa! Nilikuwa naosha vyombo, nasema hivyo peke yangu kwa sauti.

Jumapili nikampigia Baba. Nilitarajia hasira. Enyewe nilikuwa naitaka hasira yake, niikope.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kitu ambacho hakijawahi kuwa kwenye kile kichekesho cha wageni.

"Mwaka wangu wa pili pale," akasema, "kulikuwa na mwanachama mmoja, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakunywa chai. Akanipa raketi yake akaniambia nigonge gonge mpira ukutani, aone. Nikagonga. Nilikuwa naweza, Baba. Nilikuwa nawaangalia kila siku, nilikuwa naweza kabisa. Mwingine akanikuta. Akaniuliza hiyo raketi nimetoa wapi. Nikamwangalia yule aliyenipa. Akaangalia chai yake."

Nikangoja.

"Nikapigwa kofi. Moja tu. Halafu nikaambiwa niseme nilichukua bila ruhusa, ndio nisifukuzwe. Nikasema. Mama alikuwa anategemea ile sumuni."

"Kwa hivyo nisisaini."

"Sijasema hivyo. Nilisema na tukala. Sioni haya kwamba tulikula."

Treni ilipita juu ya mtaa wetu, madirisha yakatetemeka.

"Lakini mimi nilikuwa na miaka 14," akasema. "Wewe uko na ngapi?"

"31."

"Haya. Wacha nifungulie kuku."

Akakata.

*

Jumanne nilifika mapema. Niliketi ofisini nikaomba kalamu. Chini ya maneno ya barua kulikuwa na nafasi ndogo kabla ya mstari wa saini. Nikaandika hapo, kwa herufi za kusomeka: Nilialikwa na mwanachama kwa sababu walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja. Nilikuwa naijua sheria. Niliingia. Halafu nikasaini.

Meneja akasoma. Akapumua.

"Ungesaini tu," akasema.

"Nimesaini," nikamwambia.

Akaiweka kwenye faili. Nikaenda kuwasha hita. Usiku ule theluji ilikuwa nyingi na nzito, ile yenye maji, na nilisukuma hadi mabega yakakataa. Sikujisikia shujaa. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na wasiwasi wa karo.

Msimu uliisha mwisho wa Machi. Usiku wangu wa mwisho nilikuwa nazima hita moja moja wakati yule mzee alipokuja nyuma yangu. Alikuwa na kibao chake kikuukuu, kile chenye utepe mweupe kwenye mpini. Akaninyooshea.

"Niliambiwa ulichoandika," akasema. "Asante kwa kutotaja jina langu."

Nilikuwa nimengoja wiki sita aseme kitu. Nilikuwa nimemtungia maneno ya kusema, mengi, mazuri. Hayo hayakuwemo. Nilishika kile kibao na mpaka leo sijui kama kilikuwa zawadi au malipo. Lakini nilikichukua. Kilikuwa kibao kizuri, na mimi nilikuwa sina.

Oktoba iliyofuata simu ya kurudi kazini haikuja. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshapata zamu za usiku kwenye ile nyumba ya wazee, na dada alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Kitu ambacho sikukijua wakati wote ule nikipanda treni ni kwamba viwanja hivi haviko vilabuni tu. Baadhi ya vitongoji vyenyewe, kupitia idara zao za bustani na michezo, vina majukwaa ya umma. Wilmette wanayo, stesheni chache tu kutoka kwangu. Nilikuwa nayapita kila jioni nikienda kusukuma theluji ya watu. Siku hizi mimi na wenzangu watatu wa kazini tunalipa ada, tunaingia kwa mlango wa mbele, kuna mtu ameshawasha hita. Ninamsalimu kwanza, yeyote yule, kabla sijasalimu mwingine. Kila nikigeuka kungoja mpira nyuma, bado kuna ile sekunde ya kuamini nimepoteza. Haijawahi kuisha. Nimezoea tu kusimama ndani yake.

*

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Baba siku hizi anaishi Bahati, nje kidogo ya mji, kwenye kiploti chake na kuku wake. Nilibeba vibao viwili, hicho cha mzee na kingine nilichonunua, na mipira minne.

Alikigeuza kibao mkononi, akachungulia matundu, akauliza kama kimeliwa na mchwa. Halafu akakishika. Sikumfundisha. Alikishika vile inavyotakiwa, kidole gumba mahali pake, na akaenda kusimama mbele ya ukuta wa tangi la maji.

Miaka 50 karibu. Mpira wa kwanza ulimkosa. Wa pili akaugonga, ukarudi, akaugonga, ukarudi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Baba alikuwa amekunja magoti ambayo daktari alimwambia asiyakunje. Hakuwa anapiga kwa nguvu. Nilihesabu 11 bila kukosa.

Wa 12 ulimtoka vibaya. Ukapanda juu ya tangi, juu ya banda la kuku, ukapita ua wa senyenge na kuingia kwenye mahindi ya jirani.

Tukausikia ukianguka. Tukatazamana.

Baba akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akaweka kibao juu ya magoti yake.

"Nenda ukauokote," akaniambia. "Mimi nimeokota ya kutosha."